Kampuni Ndogo za Gredi za Kadi za Michezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umeiona kadi ya mchezaji maarufu mtandaoni, ya zile zinazokusanywa. Imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, lebo inasema 10, bei ni nafuu kupita ulivyotarajia, na jina la kampuni iliyotoa hiyo 10 hujawahi kulisikia. Majibu haya ni ya mnunuzi aliyefika hapo na bado hajabonyeza kitufe cha kulipa.

Kampuni ya gredi inafanya nini hasa?

Inakagua mambo mawili. La kwanza ni uhalali: je, kadi imetoka kweli kwa mchapishaji, au ni feki, au ni halisi lakini imechezewa? La pili ni hali: pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati ya kadi. Baada ya hapo inatoa alama, kwa kawaida kati ya 1 na 10, inaifungia kadi kwenye kasha lisilofunguka bila kuacha alama ya kuvunjwa, na kuweka lebo yenye namba ya cheti.

Alama hiyo ni maoni. Ni maoni ya mtu mwenye uzoefu, lakini si kipimo cha mizani. Kadi ileile ikirudishwa kwenye kampuni ileile inaweza kutoka na 9 badala ya 10. Kwa hiyo swali la kampuni ndogo si kama ina mashine nzuri au tovuti nzuri. Swali ni hili: ikikosea, itapoteza nini?

Kubwa ni zipi, na "ndogo" ni ipi?

Kwenye soko la Marekani, ambako biashara hii ilizaliwa, majina yanayotajwa kwanza ni manne. PSA ilianza 1991, SGC 1998, na BGS, ambayo ni tawi la Beckett, 1999. CGC Cards ni ya kundi la Certified Collectibles Group la Florida, ambalo lilikuwa na jina kwenye sarafu na vitabu vya katuni kabla ya kuingia kwenye kadi. SGC nayo ilinunuliwa mwaka 2024 na Collectors, kampuni inayomiliki PSA, kwa hiyo majina manne hayana maana ya wamiliki wanne.

Zilizobaki ndizo tunazoziita ndogo, na ziko nyingi. Nyingi zilizuka mwaka 2020 na 2021. Bei za kadi zilipanda vibaya wakati wa korona, watu wakafukua masanduku ya utotoni, na PSA ikazidiwa na mzigo hadi mwishoni mwa Machi 2021 ikasimamisha kupokea kadi kwa huduma zake nyingi. Pengo lile lilijazwa na kila aliyeweza kununua printa ya lebo na makasha ya jumla. Wengine walikuwa watu makini waliojua kazi. Wengine hawakuwa.

Kutojulikana ni dalili ya utapeli?

Hapana. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapishwa na Topps mwaka 1952, iliyouzwa kwa dola milioni 12.6 kwenye mnada wa Heritage, Agosti 2022, ilikuwa kwenye kasha la SGC lenye alama ya 9.5, si la PSA. SGC ilikuwa imejijengea jina kwa miaka mingi kwenye kadi za zamani, na wanunuzi wazito waliiamini. Kampuni inaweza kuwa na soko dogo na bado ikawa na jicho kali.

Tatizo ni kwamba asiyejulikana anakuachia wewe kazi ya kuthibitisha. Na watu wengi hawaifanyi.

Nianze kuangalia wapi?

Anza na dhamana. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, tafuta ukurasa unaoeleza kinachotokea kadi ikigundulika ni feki au gredi imezidishwa, na uusome wote. PSA, kwa mfano, ina dhamana ya fedha: ikithibitika kwamba ilikosea, inainunua kadi au inalipa tofauti ya thamani, ingawa imetoa baadhi ya mambo, kama makosa ya uchapaji kwenye lebo na uharibifu uliotokea baadaye. Hiyo ni kampuni iliyokubali kuumia ikikosea.

Sasa soma ya kampuni ndogo. Zipo zinazoahidi kukurudishia ada ya gredi tu. Fikiria umenunua kadi kwa dola 900 kwa sababu ya lebo yao, kisha ikabainika kwamba ni feki: wanakurudishia dola 15 ambazo wala hukuzilipa wewe, alizilipa muuzaji. Nyingine zinaandika kwamba gredi ni "maoni tu" na hazihusiki na hasara yoyote. Nyingine hazina ukurasa huo kabisa. Mimi nikifika hapo naacha kutafuta sifa nyingine. Kampuni isiyoweka shilingi yake nyuma ya maneno yake haijanipa sababu ya kuweka yangu.

Baada ya dhamana, tafuta wamiliki. Majina ya wanaoendesha yapo wazi? Kuna anwani ya mahali, au ni fomu ya barua pepe peke yake? Waliwahi kufanya kazi gani kwenye kadi kabla ya hapo? Dhamana nzuri iliyoandikwa na kampuni isiyo na mali wala anwani ni karatasi tu, kwa sababu siku ya kudai hutampata mtu.

Na kama muuzaji na mwenye kampuni ni mtu mmoja?

Achana naye. Hata kama ni mwaminifu, anajipa alama mwenyewe. Dalili ni rahisi kuiona: makasha ya kampuni hiyo yanauzwa na akaunti moja au mbili tu, yote yana 10, na huoni mtu mwingine yeyote aliyewahi kuitumia kampuni kwa kadi zake mwenyewe.

Hata kampuni kubwa hazijaepuka kabisa mgongano wa maslahi. PSA hutoza ada kubwa zaidi kadi inapokuwa na thamani kubwa zaidi, na gredi ndiyo inayopandisha thamani. Tofauti ni kwamba ina wakosoaji maelfu wanaoikodolea macho kila siku.

Nimeingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao na imekubali. Inatosha?

Haitoshi. Namba kukubali kunathibitisha tu kwamba namba hiyo ipo. Matapeli huchukua namba halali ya kadi halali, wakaichapa kwenye lebo bandia, wakaifungia kadi nyingine. Ndiyo maana rejista yenye picha ya kadi, mbele na nyuma, ina faida kubwa kuliko ile inayoonyesha jina na alama peke yake.

Picha ikiwepo, ilinganishe na ya muuzaji kwa kutafuta vitu visivyoweza kurudiwa: kidoa cha wino, upana wa pambizo kwenye kila upande, mchirizi kwenye uso, na kwa kadi zenye toleo la idadi maalumu, namba iliyogongwa. Kwenye kadi za zamani angalia nyuzi za karatasi kwenye pembe zilizochakaa. Hakuna kadi mbili zinazochakaa kwa namna moja.

Angalia pia kama kampuni inachapisha idadi ya kadi ilizozipa kila gredi. Ukikuta sehemu kubwa ya kadi zake za miaka ya 1980 zimepata 10, umepata jibu: inagawa alama ovyo.

Nitajuaje kama soko linaiamini?

Kwa bei zilizolipwa. Bei inayoombwa haina maana. Mtu anaweza kuomba dola milioni kwa kadi ya dola tano na akaiacha hapo miaka mitatu. Kwenye eBay chagua orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, kisha tafuta kadi ileile, mwaka uleule, namba ileile, katika hali tatu: ikiwa na 10 ya PSA, ikiwa na 10 ya kampuni unayoichunguza, na ikiwa haina gredi yoyote. Kumbuka kwamba pale muuzaji alipokubali ofa ya chini, bei unayoiona imepigwa mstari siyo aliyolipwa.

Ikiwa 10 ya kampuni ndogo inauzwa sawa na kadi isiyo na gredi, soko limeshasema kwamba lebo ile haina uzito. Ikiwa inauzwa chini ya kadi isiyo na gredi, na hilo hutokea, wanunuzi wanadhani kadi ilifungwa ili kuficha kasoro, au ilikataliwa kwingine kwanza.

Mfano unaojulikana sana ni kadi ya Michael Jordan iliyochapishwa na Fleer mwaka 1986, namba 57. Imepita PSA kwa maelfu na maelfu, lakini zilizopata 10 ni zaidi kidogo ya 300. Moja iliuzwa kwa dola 738,000 Januari 2021, kabla bei hazijaporomoka. Pia ni miongoni mwa kadi zinazoigwa zaidi duniani. Ukiikuta na 10 ya kampuni usiyoijua kwa dola mia kadhaa, huhitaji kuendelea na swali linalofuata.

Naweza kuikagua gredi mwenyewe kwa kutumia picha?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na hapa ndipo ningependa kila mnunuzi atumie muda wake mwingi.

Anza na ulinganifu, yaani picha kukaa katikati ya kadi, maana huo hauhitaji jicho la mtaalamu, unahitaji rula. Omba picha iliyopigwa kwa kunyooka juu ya kadi, bila kuinamisha simu. Ikuze kwenye skrini, pima pambizo la kushoto na la kulia. Tuseme kushoto ni milimita 2.1 na kulia ni 1.4. Jumla ni 3.5, kushoto ni asilimia 60, kulia 40. PSA kwa sasa inataka 10 iwe karibu na 55 kwa 45 upande wa mbele, na 75 kwa 25 upande wa nyuma. Rudia kwa juu na chini. Lebo inayosema 10 juu ya kadi ya 70 kwa 30 imekuonyesha kwamba kampuni haina rula, au inayo na haijali. Kadi nyingi za kisasa hazina pambizo. Hapo tumia mstari wowote wa mchoro unaopaswa kuwa sawa pande zote.

Hamia kwenye pembe. Kwenye kadi yenye kingo za rangi nyeusi au nyekundu, kitone cheupe kwenye ncha kinaonekana hata kwa simu. Jordan ile ya Fleer ina mipaka ya rangi, na ndiyo sababu mojawapo ya kuwa ngumu kupata 10.

Uso ndio mgumu, kwa sababu mikwaruzo haionekani kwenye picha ya moja kwa moja. Mwombe muuzaji video fupi akiigeuza kadi taratibu chini ya taa. Angalia mikwaruzo inayosogea pamoja na kadi. Ile iliyo kwenye plastiki hukaa juu ya kasha na kivuli chake huonekana chini, kwenye kadi. Muuzaji anayekataa kupiga video ya sekunde kumi kwa kadi ya dola mia tano anakuambia jambo.

Kama kadi iko mkononi mwako, chukua kioo cha kukuzia. Kwenye kadi halisi nyingi maandishi na mistari myeusi ilichapwa kwa wino mzito, kingo zake zimenyooka. Feki iliyotokana na kuskani kadi halisi huvunja mistari hiyo kuwa vidoti vya rangi. Kwa kadi za zamani sana, kama zile za T206 zilizotolewa na makampuni ya sigara kati ya 1909 na 1911, ile taa ya kukagulia noti inasaidia: karatasi ya wakati ule haikuwa na kemikali za kung'arisha weupe zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo "kadi ya 1909" inayong'aa samawati chini ya taa hiyo haikuchapwa 1909.

Kadi "iliyokatwa" ni ipi, na kampuni ndogo huikamata?

Ni kadi ambayo mtu ameipunguza kingo kidogo sana, kwa wembe au kikatio, ili pembe zilizochakaa zionekane kali tena. Ni udanganyifu mkubwa kuliko yote katika biashara hii kwa sababu kadi yenyewe ni halisi.

Hata walio wakubwa walipitwa. Kadi ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA, mwaka 1991, ilikuwa T206 ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyokuwa imenunuliwa mwaka huohuo na nyota wa hoki ya barafuni Wayne Gretzky na mwenye timu yake, Bruce McNall, kwa dola 451,000. Ilipewa 8. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, aliyeimiliki zamani, alikiri mahakamani Chicago kwamba aliikata. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu kwenye minada yake.

Kwa hiyo usitarajie kampuni iliyoanza juzi kuwa na kinga. Ukubwa wa kawaida wa kadi ya leo ni milimita 63.5 kwa 88.9; Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa zaidi, karibu 67 kwa 95. Ukiona kadi inachezacheza ndani ya kasha lililotengenezwa kwa ukubwa wake, au ukingo mmoja unang'aa na kuwa safi kuliko mitatu iliyobaki, simama. Uliza kampuni swali moja kwa maandishi: mnapimaje ukubwa, na mkishuku imekatwa mnafanya nini? Kampuni makini hurudisha kadi bila gredi, au huandika kwenye lebo kwamba imechezewa. Isiyo makini itajibu habari za "teknolojia yetu".

9.5 ya kampuni moja ni sawa na 9.5 ya nyingine?

La. Kwa BGS, 9.5 ndiyo daraja la kadi safi kabisa ambalo kwa kampuni nyingine huwa 10, na 10 yake iko juu zaidi. Kwa SGC, 9.5 iko chini ya daraja hilo. PSA haina 9.5 kabisa. Kampuni ndogo hutunga ngazi zake, nyingine zikiwa na 10 za aina tatu. Soma maelezo ya alama kabla ya kulinganisha bei.

Kampuni inasema inatumia kompyuta na akili bandia. Hiyo si bora kuliko jicho la mtu?

Kwa baadhi ya kazi, ndiyo. Kompyuta hupima ulinganifu vizuri na haichoki jioni. Kampuni ya TAG, kwa mfano, hutoa alama hadi 1000 na ripoti ya picha inayoonyesha kila kasoro iliyopunguza alama, na uwazi wa namna hiyo naupenda. Ila kupima hali na kutambua udanganyifu ni kazi mbili. Uliza nani anathibitisha kuwa kadi ni halisi, na ukitajiwa programu peke yake, endelea kuuliza. Na tena rudi kwenye dhamana: programu haimlipi mtu fidia.

Nimepata kadi ya Hasheem Thabeet yenye 10 ya kampuni nisiyoijua. Ninunue?

Swali hili lina watu wake. Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na kadi zake za msimu wa 2009-10 zinapatikana kwa bei ndogo. Kwa kadi kama hizo hatari ya feki ni ndogo, kwa sababu hakuna anayepata faida kwa kuziiga. Hatari ni kulipia kasha: ada ya gredi inaweza kuzidi bei ya kadi. Lipa bei ya kadi isiyo na gredi, ulichukulie kasha kama kifungashio, na ufurahie.

Saini ni jambo jingine. Kama kadi ilitoka kiwandani ikiwa na saini, maneno ya mchapishaji ya kuithibitisha yako nyuma yake. Kama mtu alisaini baadaye kwa kalamu, gredi ya kadi haithibitishi saini, isipokuwa lebo inasema hivyo. Hapo tafuta uthibitisho wa wanaokagua saini: PSA/DNA, JSA au Beckett.

Msimu uleule, Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Kadi yake ya Topps namba 321 inaigwa sana. Ukiletewa zote mbili na muuzaji mmoja kwenye makasha ya kampuni moja isiyojulikana, usiache ile ya Thabeet ikupe imani kuhusu ile ya Curry.

Kampuni ikifungwa, kadi yangu inakuwaje?

Kadi inabaki kuwa kadi. Kinachokufa ni rejista na dhamana. Kuna tofauti kati ya jina kufa na kampuni kufa: CSG ilianzishwa 2021 kwa kadi za michezo na jina hilo likaunganishwa kwenye CGC Cards mwaka 2023, lakini kundi mama lilikuwepo na lipo. Kampuni ya mtu mmoja haina mama wa kuirithi. Piga picha ya ukurasa wa cheti siku unaponunua.

Nivunje kasha niipeleke kwa kampuni kubwa?

Kabla ya kuvunja, jua kwamba kampuni kubwa kadhaa hupokea kadi ikiwa ndani ya kasha la mwingine, na unaweza kutaja gredi ya chini kabisa utakayokubali. Wasipoifikia, kadi inarudi ilivyo. Lakini si kila kasha hupokelewa, na la kampuni isiyojulikana mara nyingi utaambiwa uitoe kadi kwanza. Kuvunja ni kazi ya mkono mtulivu. Plastiki ikipasuka vibaya inachana ukingo, na hakuna gredi itakayokurudishia huo ukingo. Kama kadi haifikii thamani ya ada mara kadhaa, iache humo.

Niko Afrika Mashariki. Kuna namna ya kutuma kadi zangu?

Ipo, kupitia wakala anayekusanya kadi za watu wengi na kuzituma Marekani kwa pamoja. Kwake pia uliza kitu kilekile: mzigo ukipotea, bima ni ya nani na ni ya kiasi gani? Andikisha thamani ya kila kadi na uwe na picha za pande zote mbili kabla hujaikabidhi. Hesabu usafiri wa kwenda na kurudi pamoja na ushuru, kisha ulinganishe na bei zilizolipwa. Kwa kadi nyingi hesabu hiyo haifungi.

Nimeshanunua, na sasa nina wasiwasi. Nifanye nini kwanza?

Usilivunje kasha. Likishavunjika, muuzaji atasema ulibadilisha kadi, na huna la kumjibu. Piga picha lebo, pande zote za kadi na mshono wa kasha. Hifadhi tangazo la muuzaji kabla halijafutwa, pamoja na ujumbe wote mlioandikiana. Angalia muda wa kurudisha bidhaa kwenye soko ulilotumia, kwa sababu huo ndio unaokimbia kuliko yote, na fungua malalamiko ndani yake hata kama muuzaji anakuahidi kwa upole kwamba mtamalizana pembeni. Iandikie kampuni ya gredi siku hiyohiyo, ukiwapa namba ya cheti na kueleza unachokishuku. Jibu lao liweke. Kama hawatajibu, hifadhi ushahidi kwamba uliwaandikia, maana soko litauliza.